Mara mbili ndani ya miaka 20: ya Fomalhaut sio bahati tu

Desemba 2025 jarida la Science lilitoa ripoti ya timu ya mwanaastronomia Paul Kalas, na kama uliipita haraka ukadhani ni ile habari ya kila wiki ya "wanasayansi wameona kitu angani" basi irudie, sababu wanachosema ni kizito. Kwenye nyota moja, Fomalhaut, iliyo umbali wa miaka ya nuru 25 tu kutoka kwetu, limeonekana wingu jipya la vumbi, na maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mabonge mawili makubwa ya mawe na barafu yamegongana yakasagika. Jipya kweli, yaani kwenye picha za zamani halikuwepo. Na hii ni mara ya pili. La kwanza lilikuwepo kwenye picha za darubini ya angani ya Hubble za 2004, la pili limekuja kwenye picha za 2023, nyota ile ile, upande ule ule wa mkanda wake wa vumbi, na ukali wa mwanga wake unafanana na wa lile la kwanza.

Sasa, nadharia ilikuwa inasema mgongano wa saizi hiyo pale unatakiwa utokee mara moja kwa miaka 100,000 au zaidi. Sisi tumepata miwili ndani ya miaka 20. Wengi walioandika habari hii wameishia kusema tumebahatika alafu wakahamia kwingine, na mimi naona hapo ndo pa kusimama. Bahati ya namna hii ikija mara moja unaipokea, ikija mara mbili sehemu moja unaanza kuuliza nani yuko nyuma yake.

Turudi nyuma kidogo maana hii stori ina utamu wake. Novemba 2008 Kalas huyo huyo na wenzake walitangaza wamepiga picha ya sayari inayozunguka Fomalhaut, picha mbili, ya 2004 na ya 2006, kinukta kimesogea kidogo kufuata njia yake kama sayari inavyotakiwa. Wakakiita Fomalhaut b. Ilikuwa habari kubwa kwelikweli, sababu enzi hizo sayari za nyota nyingine karibu zote zilikuwa zinajulikana kwa kubahatisha mtikisiko wa nyota yake au mwanga wake kupungua, sio kwa kuiona yenyewe kwa macho. Mwaka 2015 ikapigiwa kura ikapewa jina rasmi, Dagon. Ila toka mwanzo kulikuwa na kitu hakikai sawa: sayari changa na kubwa inatakiwa iwe bado ina moto wa kuzaliwa, kwa hiyo kwenye infraredi (mwanga wa joto ambao macho hayauoni) ing'ae sana, na walipoitafuta kwenye infraredi hawakuikuta, inaonekana kwenye mwanga wa kawaida tu. Alafu picha zilizofuata zikaonyesha njia yake sio ya duara la kueleweka. Alafu ikaanza kufifia. Alafu ikawa inatanuka, sasa niambie sayari gani inatanuka. Kufikia 2014 haionekani kabisa.

Aprili 2020 wanaastronomia András Gáspár na George Rieke wakaja na maelezo ambayo leo karibu kila mtu anayakubali, kwamba hapajawahi kuwa na sayari pale, lilikuwa ni wingu la vumbi laini sana lililotoka kwenye vijisayari viwili vya barafu vya kama kilomita 200 kila kimoja, viligongana muda mfupi kabla Hubble haijaanza kuangalia, na mwanga wa nyota ukawa unalisukuma lile vumbi nje huku linasambaa mpaka likawa jembamba kupita uwezo wa kamera. Kwa hiyo Dagon ni jina la kitu ambacho hakipo. Siku hizi wanaliita Fomalhaut cs1, na hili jipya ni cs2. Na cs2 limepatikana wakati watu wanaitafuta cs1, wakaona nukta, wakadhani ndo ile ile imerudi, kumbe iko sehemu nyingine kidogo.

Kwa nini kitu chenye upana wa kilomita 60 (ndo makadirio ya ripoti mpya) au hata 200, ambacho kwa umbali wa miaka ya nuru 25 hakionekani kwa darubini yoyote tuliyonayo, kikivunjika kinaonekana? Hapa watu wengi wanafikiria mlipuko, mwako, moto. Hapana, ni eneo tu. Chukua jiwe la kilomita 60 ulisage lote liwe chembe za maikromita 6 (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), masi ni ile ile haijaongezeka hata gramu, ila eneo la kuakisi mwanga limeongezeka mara bilioni 10. Hata ikisagika asilimia moja tu ya hilo jiwe bado ni mara milioni 100. Ndo maana kwenye hii biashara sayari nzima inaweza ikajificha mbele ya macho yako lakini vumbi la bonge moja lililovunjika linaonekana kama taa.

Na vumbi lina sifa nyingine ambayo ndo uti wa mgongo wa hoja yote: halikai. Mwanga wa nyota una msukumo, mdogo sana, kwa jiwe hauna maana, ila kwa chembe ndogo yenye eneo kubwa na uzito kiduchu unatosha kuishinda graviti ya nyota na kuitupa nje. Fomalhaut inang'aa kama mara 16 ya Jua, kwa hiyo chembe za maikromita chache zinapeperushwa bila mjadala. Zile kubwa kidogo zinabaki lakini zinagongana zenyewe kwa zenyewe mpaka nazo zinafika saizi ya kupeperushwa. Ukikuta nyota yenye umri wa miaka milioni 440 kama Fomalhaut na bado imezungukwa na vumbi, jibu ni moja, kuna kiwanda kinaendelea kulitengeneza, na kiwanda chenyewe ni mawe yanayogongana, makubwa yanatoa ya kati, ya kati yanatoa madogo, madogo yanatoa vumbi. Julius Dohnanyi aliiwekea hesabu hiyo ngazi mwaka 1969 akiwa anashughulika na asteroidi zetu wenyewe, na mpaka leo hesabu yake ndo inatumika kwenye nyota za mbali, pamoja na mapungufu yake.

Hili lilianza kueleweka mwaka 1983 pale satelaiti ya IRAS ilipoangalia Vega, nyota ambayo watu walikuwa wanaitumia kama kipimo cha kulinganishia nyingine, wakakuta ina joto la ziada la infraredi ambalo nyota peke yake haiwezi kulitoa. Ikaja Fomalhaut hivyo hivyo, Beta Pictoris hivyo hivyo, Epsilon Eridani hivyo hivyo. Mwaka mmoja tu baadae, 1984, Bradford Smith na Richard Terrile wakapiga picha ya diski ya vumbi ya Beta Pictoris, imelala kwa ubavu kama mstari. Kabla ya kuijua hata sayari moja nje ya mfumo wetu, tulikuwa tayari tunaona kifusi cha mahali zinapojengwa.

Sasa kuna jambo ambalo linachanganywa sana. Ukisema mgongano mtu anawaza uharibifu. Lakini mwanzoni kabisa, wakati nyota bado ina gesi kibao pembeni yake, migongano ni ya polepole na ndo inayojenga. Chembe za vumbi zinanatana kwa nguvu ndogo za umeme, zikiwa na barafu zinanatana vizuri zaidi, zinakua mpaka milimita, mpaka sentimita. Hapo zinakwama. Ukishakuwa na kokoto za saizi hiyo zikikutana zinadunda au zinavunjana, na ukifika kama mita moja shida ni mbili sababu gesi inalipunguza jiwe kasi mpaka linaanza kuangukia kwenye nyota, na kwa umbali kama wa Dunia na Jua linaweza kuisha ndani ya miaka mia hivi. Kwa hiyo kwa mgongano mmoja mmoja huwezi kutoka kwenye kokoto ukafika kwenye kijisayari. Njia ambayo inaonekana kufanya kazi ni ile ya Andrew Youdin na Jeremy Goodman ya mwaka 2005, kokoto zikielea kwenye gesi zinajikusanya zenyewe kwenye mafungu mazito mpaka graviti inalifunga fungu zima kwa mpigo na kupata bonge la makumi au mamia ya kilomita bila kupitia saizi za katikati.

Ushahidi tunao nyumbani kwenye mfumo wetu. Tarehe 1 Januari 2019 chombo cha New Horizons kilipita karibu na Arrokoth, huko ng'ambo ya Pluto, zaidi ya kilomita bilioni 6 kutoka kwenye Jua, kina urefu wa kama kilomita 35, na ni vipande viwili vimegusana vikashikana, shingo katikati, bila nyufa wala alama za kubamizwa. Vimekutana kwa mwendo wa mtu anayetembea. Huo ni mgongano pia, ila ukiutafuta kwa darubini kutoka nyota nyingine hutouona milele kwa sababu haukutoa vumbi.

Hii ndo sababu nasema unapoona wingu kama cs1 au cs2 tayari umeshajua kitu kikubwa kuhusu mahali pale: kuna mtu kavuruga mwendo. Fanya hesabu ndogo. Kwenye ule mkanda wa nje wa Fomalhaut vitu vinazunguka nyota kwa kama kilomita 3.5 kwa sekunde, lakini vikienda vyote njia moja ya duara, sambamba, kasi ya kimoja ukikilinganisha na jirani yake ni karibu na sifuri. Bonge la kilomita 60 la barafu na mawe lina graviti kidogo sana, ukilirusha jiwe kutoka juu yake kwa kilomita kama 100 kwa saa halirudi. Kwa hiyo vikigongana taratibu chini ya kasi hiyo vinaungana tu, kifusi kinarudi chini. Ili visagike inabidi njia zao ziwe zimepinda, hata asilimia 10 tu inatosha, hapo unapata mita 350 kwa sekunde, zaidi ya mara kumi ya kasi ile, na kwa sababu nishati inapanda kwa kipeo cha pili hiyo ni zaidi ya mara mia. Hapo ndo unapata vumbi. Gesi ikiwepo ingekuwa breki, ingerudisha njia kwenye duara, lakini gesi inaisha ndani ya miaka milioni kumi hivi ya mwanzo na Fomalhaut imeshapita huko zamani. Aliyevuruga yupo au alikuwepo, na hakuna wa kusafisha alichofanya.

Twende kwenye hiyo namba ya miaka 100,000 sasa. Ukiichukua kama ilivyo, uwezekano wa kuona miwili ndani ya miaka 20 ni kama mmoja kwa milioni 50. Najua mtu makini atanikata hapo, ataniambia Fomalhaut tumeiangalia sana kwa sababu ndo ilikuwa na cha kwanza, kwa hiyo cha kwanza usikihesabu, hesabu cha pili peke yake. Sawa, nakubali, ni pingamizi la haki. Basi uwezekano wa cha pili peke yake ni mmoja kwa 5,000. Bado hiyo sio bahati ya kumeza hivi hivi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Timu ya Gáspár ilikadiria mabonge ya kilomita 200 na mgongano mmoja kwa miaka 200,000, wakati ripoti mpya inasema mabonge yanaweza kuwa ya kilomita 60 tu, na inakadiria yapo kama milioni 300 ya saizi hiyo kwenye mfumo mzima. Madogo ni mengi, na yakiwa mengi yanagongana zaidi. Nimejaribu kuipiga kwenye karatasi kwa ngazi ya Dohnanyi: ukishuka kutoka kilomita 200 mpaka 60 idadi inapanda kama mara 20, na kwa kuwa mgongano unahitaji wawili unapandisha mara 400, alafu unapunguza kwa sababu kila bonge ni shabaha ndogo kama mara 11, unabaki na kama mara 36. Ile miaka 200,000 inakuwa kama 5,500. Imeshuka sana, ila tulichokiona ni wastani wa mmoja kila miaka 10. Bado pengo la mara mia tano na ushee. Hii hesabu ni ya kienyeji, mtaalamu ataikwangua hapa na pale, lakini hata akinipa mara kumi ya bure pengo halizibiki.

Na kuna kile kitu ambacho mimi ndo kinaninyima amani zaidi kuliko idadi, ni mahali. Migongano ikitokea ovyo, mkanda ule ni mpana kupindukia, darubini ya angani ya Webb ilionyesha mwaka 2023 kwamba unafika kilomita bilioni 23 kutoka kwenye nyota, mara 150 ya umbali wa Dunia na Jua. Unategemea moja huku, nyingine upande wa pili kabisa. Badala yake yote mawili yamejibana karibu karibu kwenye ukingo wa ndani wa mkanda wa nje. Idadi unaweza kuipiga danadana kwa kubadilisha saizi ya mawe. Mahali utapabadilishaje?

Kuna mtu atasema nyota moja ni nyota moja. Basi tuangalie nyingine. NGC 2547-ID8, nyota ya umri wa kama miaka milioni 35, darubini ya infraredi ya Spitzer ilikuwa inaipiga chabo mara kwa mara, ikapotea nyuma ya Jua Agosti 2012, ilipoonekana tena Januari 2013 ilikuwa na vumbi jipya kibao, yaani mgongano umetokea katikati ya miezi mitano hiyo. Beta Pictoris, miaka ya nuru 63 tu na umri kama miaka milioni 20, timu ya Christine Chen walilinganisha data za Spitzer za 2004 na 2005 na za Webb, wakakuta vumbi la silikati, yaani vumbi la mawe, lililokuwepo karibu na nyota limetoweka, na wanachoelewa ni kwamba Spitzer ilikuta mgongano mbichi wa mabonge makubwa, vumbi lake kwa wingi ni kama mara 100,000 ya asteroidi iliyowamaliza dinosaria, na ndani ya miaka 20 limepeperushwa lote. HD 172555, miaka ya nuru 95, umri kama milioni 23, ina vumbi la ajabu na gesi ya kaboni monoksaidi karibu kabisa na nyota ambapo haitakiwi kukaa, na timu ya Tajana Schneiderman mwaka 2021 ikasema maelezo yanayofaa ni sayari imegongwa kwa zaidi ya kilomita 10 kwa sekunde angalau miaka 200,000 iliyopita ikavuliwa sehemu ya angahewa yake. Mfano wa kinyume ni TYC 8241 2652 1, hiyo ilikuwa na vumbi tele likayeyuka ndani ya muda usiozidi miaka miwili, kufikia 2010 hakuna, na wataalamu walibaki wanatazamana.

Alafu ile ASASSN-21qj ndo kiboko. Nyota kama Jua letu, miaka ya nuru 1,800, Desemba 2021 mwanga wake ukaanza kupungua na kuyumba ovyo, na ilikuwa ni mwanaastronomia wa kujitolea, sio wa kulipwa, aliyewashtua wataalamu kwamba data za infraredi za zamani zinaonyesha nyota hiyo hiyo ilipandisha joto miaka miwili na nusu kabla. Ripoti ya 2023 kwenye Nature ikaunganisha: sayari mbili kubwa za barafu ziligongana, mabaki yakawaka kwenye infraredi, alafu wingu la kifusi likazunguka mpaka likapita mbele ya nyota na kuiziba. Kama wako sahihi basi tumeona mwako na moshi wake wa tukio moja.

Ukizipanga hizi pembeni ya Fomalhaut unaona upande wa nyota changa wenye migongano mikali sio jambo la kushangaza, ndo umri wa ujenzi, Mwezi wetu wenyewe unaaminika umetoka kwenye kugongwa kwa Dunia na kitu cha saizi ya Mirihi, Theia, kama miaka bilioni 4.5 iliyopita. Fomalhaut ndo inayosumbua kwa sababu sio kichanga tena, miaka milioni 440, na migongano yake iko mbali huko kwenye baridi ambako kila kitu kinaenda polepole, mzunguko mmoja unachukua zaidi ya miaka elfu. Kwenye sehemu kama hiyo ungetegemea utulivu.

Kwa hiyo nani? Naona wawili wanaostahili kushikiliwa.

Wa kwanza ni sayari ambayo hatujaiona. Mkanda wa nje wa Fomalhaut haujakaa katikati, kitovu chake kimehama kutoka kwenye nyota kwa kama mara 15 ya umbali wa Dunia na Jua, hilo linajulikana toka 2005, na ukingo wake wa ndani umekatwa vizuri. Webb ikaongeza mikanda mingine miwili ndani ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Mapengo na mikanda iliyopinda haijitengenezi, kuna graviti inapanga, na sayari inayopanga mkanda inaweza pia kukusanya vijisayari sehemu moja kwa kuvikokota kwenye mdundo wa mzunguko wake, kama Neptuni inavyofanya na Pluto. Vikirundikana pale vinagongana pale.

Wa pili ni mgongano mkubwa wa zamani. Hili watu hawalizungumzii sana na ni la kuvutia. Kitu kikubwa kikisambaratika, kila kipande kinapata njia yake mpya, ila njia zote hizo lazima zipite tena pale pale zilipoanzia. Mzunguko unaofuata wote wanapita kwenye mlango ule ule, na unaofuata, na unaofuata, kwa maelfu ya miaka mpaka njia zitakapoyumba. Mahali pa ajali ya kwanza panakuwa njia panda ya ajali zinazofuata. Familia za namna hiyo tunazo, Haumea, sayari kibete huko kwenye ukanda wa Kuiper ng'ambo ya Neptuni, inazunguka yenyewe kwa saa kama 4 tu mpaka imerefuka, na mwaka 2007 timu ya Mike Brown ilitambua vipande vya barafu vinavyofuatana nayo, mabaki ya kugongwa kwake. Na pale Beta Pictoris darubini za redio za ALMA zilikuta mwaka 2014 rundo la kaboni monoksaidi limejikusanya upande mmoja wa diski, gesi ambayo mwanga unaivunja ndani ya kama miaka mia, kwa hiyo kila muda inazalishwa upya, na mjadala ulikuwa huu huu: sayari inayokokota, au mlango wa ajali ya zamani?

Mimi kura yangu naipa sayari, kwa sababu ya ule mkanda kuhama, mlango wa ajali hauwezi kuhamisha mkanda mzima. Lakini sio kura ya kufa nayo, na wote wawili wanaweza kuwepo pamoja.

Niseme kidogo kuhusu barafu maana inasahaulika, watu wakiona mawe yanagongana wanawaza mawe. Mei 2025 Webb ilithibitisha barafu ya maji, ya fuwele kabisa, kwenye vumbi la HD 181327, nyota ya umri wa miaka milioni 23 iliyo umbali wa miaka ya nuru 155. Sehemu ya nje ya diski barafu inazidi asilimia 20, katikati kama 8, karibu na nyota karibu hakuna. Na chembe ndogo ya barafu haidumu kwenye mwanga mkali wa nyota, inaliwa, kwa hiyo iliyopo ni mbichi, imetoka ndani ya bonge lililovunjika hivi karibuni. Mgongano ndo unatufungulia tumbo la vitu hivi. Bila kuvunjika ungeona ganda la juu lililoungua tu.

Sasa kwa nini mtu ajali wingu la vumbi la nyota moja? Kuna sababu ya vitendo kabisa. Darubini kubwa zinazopangwa, ikiwemo ile ya NASA inayoitwa Habitable Worlds Observatory, kazi yake ni kutafuta vinukta hafifu pembeni ya nyota kwa mwanga wa kawaida, na cs1 na cs2 zinaonekana hivyo hivyo kama sayari inayoakisi mwanga, cs1 ilidanganya kwa miaka kumi na zaidi ikiwa na jina juu. Kama migongano ni ya nadra kweli kama nadharia ilivyosema basi hilo ni tatizo dogo. Kama ni ya mara kwa mara, kila nukta itatakiwa ifuatiliwe kwa miaka kabla mtu hajafungua mdomo. Hata kinyume chake kipo: Webb iliona kitu kwenye mkanda wa nje wa Fomalhaut kikaitwa wingu kubwa la vumbi la mgongano mwingine, alafu wengine, Kalas mwenyewe akiwemo, wakasema kinalingana pia na galaksi tu iliyo nyuma huko. Kwa hiyo kuna vumbi linalojifanya sayari na kuna galaksi inayojifanya vumbi, na ambaye yuko tayari kutangaza kwa picha mbili ajiangalie.

Cs2 itafuatiliwa na Hubble na Webb kwa miaka mitatu, na huko ndo majibu yatatoka, au angalau mwanzo wake. Ikianza kutanuka na kupinda kwenda nje kama ya kwanza, ni vumbi bila ubishi. Lakini kipimo cha nani anayevuruga kiko kwenye ya tatu, sababu mlango wa ajali ya zamani unabaki palepale angani wakati rundo linalokokotwa na sayari linazunguka pamoja na sayari yake, na kwa mwendo wa mkanda ule ni kama digrii 6 kila miaka 20. Tofauti ndogo, ila Hubble iliweza kuona kwamba cs2 sio cs1, kwa hiyo inapimika. Kama kasi ya mmoja kila miaka kumi ni ya kweli, ya tatu haipaswi kuchelewa.